Maana Mbalimbali za Neno "Sterilaizesheni"



Katika kukagua mihtasari, matangazo na hati za malipo za vyama vya msingi, Mkaguzi hukuta mara kwa mara neno "sterilaizesheni" limeandikwa peke yake, bila ya maelezo. Tuseme chama kimepitisha azimio kwamba "kazi ya sterilaizesheni ianze mwezi ujao, na gharama zikatwe katika malipo ya wanachama." Je, itanunuliwa dawa ya kuulia vijidudu katika keni za maziwa, au ataitwa mtaalamu wa mifugo kuhasi madume? Azimio halisemi. Mwanachama anayekatwa fedha zake ana haki ya kujua anakatiwa nini, na katibu anayetakiwa kutekeleza azimio hawezi kulitekeleza kwa kubahatisha.

Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni utasa, yaani hali ya kutozaa. Kutokana na maana hiyo zimetoka kazi kadhaa zilizo mbali sana moja na nyingine. Kiswahili kinazo njia za kuitaja kila kazi kwa jina lake, na inafaa tuzitumie.

Maana ya kwanza ni kutakasa, yaani kuua vijidudu vyote katika chombo au chakula, pamoja na mbegu zao ngumu zinazostahimili moto. Hospitalini vyombo vya upasuaji hutiwa katika mtungi wa mvuke wenye mkandamizo, na kwa kawaida hukaa humo kwa joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi. Maji yanayochemka katika sufuria hayafiki joto hilo. Hata pwani huishia nyuzi 100, na katika nyanda za juu huchemka kabla ya kufika hapo. Kwa sababu hiyo, kuchemsha huua vijidudu vingi vya maradhi lakini si kutakasa kamili.

Tofauti hii inavihusu sana vyama vya maziwa. Maziwa yanayopashwa joto kwa njia iliyopewa jina la Louis Pasteur hufikishwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Vijidudu vya maradhi hufa, lakini vingine hubaki, na ndiyo maana maziwa hayo lazima yatunzwe katika baridi. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila jokofu ni mengine: hayo hupitishwa katika joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha hufungwa katika pakiti iliyotakaswa. Katibu asiwaahidi wanunuzi aina ya pili ilhali mtambo wa chama unatoa aina ya kwanza.

Keni za wanachama hazihitaji mtungi wa mvuke wa hospitali, ila zinahitaji utaratibu. Kwanza keni isuuzwe kwa maji safi ya baridi au vuguvugu mara baada ya kumiminwa maziwa, kwa kuwa maji ya moto huyagandisha mabaki ya maziwa ukutani. Pili, isuguliwe kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Tatu, isuuzwe tena. Nne, imwagiwe maji yanayochemka au itiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Mwisho, ifudikizwe juu ya kichanja ikauke. Anayeruka hatua ya kusugua na kutia dawa juu ya uchafu anapoteza dawa, kwani uchafu huidhoofisha klorini kabla haijavifikia vijidudu. Keni moja chafu ikimiminwa katika tangi la chama huharibu maziwa ya watu wote, na tangi likikataliwa hasara huwa ya wote, hata ya yule aliyesafisha vizuri.

Maana ya pili ni kuhasi mifugo. Dume lililohasiwa huwa maksai, na kazi hiyo hairudi nyuma. Kwa koleo la burdizo mishipa ya mapumbu husagwa bila kupasua ngozi. Ikumbukwe kwamba dume huweza kubaki na mbegu hai kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, hivyo litengwe na majike kwa muda atakaoutaja mtaalamu. Azimio la kuhasi litaje idadi, alama za masikio na jina la mwenye mnyama, na mwenyewe atie sahihi.

Maana ya tatu ni kuwafanya wadudu waharibifu kuwa tasa. Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Kisiwani Unguja mbung'o walikuwa wakieneza nagana kwa ng'ombe. Baada ya idadi yao kupunguzwa kwa dawa, mbung'o dume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ili wasizalishe, kisha wakaachiliwa kwa ndege kuanzia 1994. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hakupata kizazi. Waliachiliwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na kazi ikamalizika 1997.

Maana ya nne inamhusu binadamu, nayo ni kufunga uzazi: kwa mwanamke hufungwa au kukatwa mirija ya mayai, na kwa mwanamume mirija ya kupitisha mbegu. Hii ni njia ya kudumu, na haifai mtu kuikubali kwa karatasi asiyoielewa. Nchini Namibia wanawake watatu walifungwa uzazi baada ya kutia sahihi fomu wakiwa katika uchungu wa kujifungua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba ridhaa ya namna hiyo si ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Kwa hiyo chama kinapobandika tangazo la kliniki ya uzazi wa mpango, kiandike waziwazi "kufunga uzazi, njia ya kudumu." Mwanachama asiyeelewa neno lililo katika fomu aombe lielezwe kabla ya kutia sahihi.

Makatibu wanaombwa wazingatie yafuatayo. Katika muhtasari na matangazo, yaandikwe "kutakasa" au "kusafisha keni na kuua vijidudu," "kuhasi madume," au "kufunga uzazi," kadiri ya kazi yenyewe. Hati ya malipo itaje kilichonunuliwa, kiasi chake na kazi kiliyofanya. Azimio lenye neno la kigeni lisomwe na kufafanuliwa mkutanoni kabla ya kupigiwa kura, na ufafanuzi huo uingizwe katika muhtasari. Mkaguzi atakapofika ataanza kwa kutazama hayo.