Huduma Isiyomtegemea Afisa Mmoja: Jinsi Ukomavu wa Ofisi za Umma Unavyopimwa

Mwananchi anayefuatilia leseni ya biashara anastahili kupata huduma ile ile, awe amefika Jumatatu au Ijumaa, awe afisa aliyezoea kazi hiyo yupo au yuko likizo. Faili linapokwama kwa sababu "mwenye kazi hayupo", kosa si la afisa huyo peke yake. Hiyo ni dalili kwamba utaratibu wa ofisi haujakomaa.

Ukomavu wa utaratibu ni uwezo wa ofisi kurudia kazi yake kwa ubora ule ule, kwa muda unaojulikana, na kurekebisha kasoro zake mapema.

Kipimo kilitoka wapi?

Kipimo kinachojulikana zaidi kilitengenezwa Marekani katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kutokana na kazi ya Watts Humphrey na wenzake katika miaka ya 1980. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitaka kujua mapema ni kampuni zipi za programu za kompyuta zingeweza kutegemewa kumaliza kazi kwa wakati na kwa bajeti. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Tangu hapo wazo hilo limetumika hata katika kazi zisizohusu kompyuta.

Ngazi tano

1. Mwanzo: Kila afisa hufanya kazi anavyojua. Huduma ikiwa nzuri, ni kwa bidii ya mtu mmoja.

2. Kurudiwa: Ofisi ina mazoea na rekodi, hivyo kazi iliyofaulu jana inaweza kufaulu tena leo.

3. Kuandikwa: Hatua zote zimeandikwa, ofisi zote za kaunti ndogo zinazifuata, na wafanyakazi wapya wanafunzwa.

4. Kupimwa: Siku zinazotumika na makosa yanayotokea yanahesabiwa, na wasimamizi wanaamua kwa takwimu.

5. Kuboreshwa: Takwimu hizo zinatumika kutafuta chanzo cha kasoro na kukiondoa, tena na tena.

Ngazi hizi hazirukwi. Huwezi kulinganisha siku za kutoa leseni ikiwa kila ofisi ina hatua zake. Vilevile, kuleta kompyuta katika ofisi iliyo ngazi ya kwanza huharakisha tu mkanganyiko uliokuwepo kwenye makaratasi.

Tathmini hufanywaje?

Wakaguzi hawatosheki na maelezo ya mkuu wa idara. Huchagua mafaili kadhaa na kuyafuata kutoka siku ya maombi hadi siku ya kukamilika. Humhoji karani na msimamizi wake kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha majibu yao na utaratibu ulioandikwa. Pengo linaloonekana hapo ndilo linalopangiwa marekebisho, likiwa na mhusika na tarehe.

Kaunti za Kenya si ngeni kwa tathmini. Chini ya mpango wa kusaidia ugatuzi wa KDSP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016, wakaguzi huru walipima usimamizi wa fedha, mipango na ufuatiliaji, wafanyakazi, na ushirikishaji wa umma. Mpango huo haukutumia ngazi hizi tano, lakini matokeo yake yaliamua ruzuku ambazo kaunti ingepata. Aidha, kifungu cha 47 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka Kamati Kuu ya Kaunti kuandaa mpango wa kutathmini utendaji wa utumishi wa umma.

Wajibu wa mwananchi

Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa kiutawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya haki. Ukifika ofisini, soma mkataba wa utoaji huduma uliobandikwa ukutani: unataja ada, mahitaji na muda. Omba nambari ya kumbukumbu ya ombi lako na uandike tarehe. Huduma ikichelewa, lalamika kwa maandishi. Pia kifungu cha 88 cha sheria hiyo kinakuruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake.

Lalamiko lenye tarehe na nambari ni ushahidi. Huo ndio unaoonyesha faili lilikwama katika hatua gani, na ni hatua hiyo inayopaswa kurekebishwa kabla mwananchi mwingine hajafika dirishani.