Keshia akiiba kwa tili: kabla hujamfukuza

Uko na duka pale Mamboleo, barabara ya kwenda Kakamega. Jioni unapiga hesabu: bidhaa zimeuzwa, lakini pesa kwa tili hazilingani. Kumbe keshia amekuwa akiwaambia wateja, "Tili inasumbua, tuma kwa hii namba yangu." Unamfukuza saa hiyo hiyo, na hapo kesi inaweza kukugeukia.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakuruhusu kumfuta mtu kazi papo hapo, hata kwa kumshuku tu, bora uwe na sababu za kutosha. Huhitaji kungoja polisi wamalize yao. Lakini kifungu cha 41 kinataka kwanza umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Dholuo, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, kisha umsikilize. Ukiruka hiyo, Mahakama ya Ajira hapa Kisumu inaweza kukuamuru umlipe hadi mshahara wa miezi 12. Ndiyo, hata kama aliiba kweli. Ana miaka 3 ya kukushtaki, kwa hivyo usitupe karatasi.

Ushahidi wako ni stetimenti ya tili. Ilinganishe na kitabu cha mauzo, siku kwa siku, uichapishe. Mteja aliyetuma kwa namba ya keshia bado ana SMS, mwombe nakala. Simu ya keshia usiiguse. Kumlazimisha atoe PIN ili uchungulie, ama kumfungia dukani mpaka jamaa zake watume pesa, kunakufanya mshtakiwa wewe.

Siku alizofanya kazi, mlipe. Kukata pesa iliyopotea kunaruhusiwa kama mkataba unasema wazi alikabidhiwa kupokea na kutunza pesa (maduka mengi hayana hata karatasi moja), na makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Kama alifanya wiki 4 au zaidi, mpe pia cheti cha utumishi.

Na ile picha ya "mwizi huyu" kwa grupu ya WhatsApp? Achana nayo. Ukishindwa kuthibitisha, atakudai fidia ya kuharibiwa jina. Waambie wateja tu kwamba hafanyi kazi hapo tena, na walipe kwa tili pekee.

Siku anayoondoka, toa namba yake kwenye wahudumu wa tili na ubadilishe PIN kabla hajafika steji.