Kosa la Kuwahi

Februari 2014 kamati ya sheria za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ilipendekeza kosa la aina yake. Timu inayoshambulia ingekatazwa kuanzisha mpira kabla saa ya sekunde 40, ile inayohesabu muda kati ya shambulizi moja na jingine, haijashuka hadi 29. Shabaha ilikuwa kuipa timu inayolinda nafasi ya kubadilisha wachezaji. Dakika 2 za mwisho za kila nusu ndizo pekee zingeachwa huru. Anayekiuka angerudishwa nyuma yadi 5. Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu ni jina la adhabu: kuchelewesha mchezo. Kitabu cha sheria kilikuwa tayari na adhabu hiyo kwa timu inayoziacha sekunde zote 40 ziishe bila kuanzisha mpira. Badala ya kutunga kosa jipya, wanakamati walimchukua aliyewahi wakamtia kapu moja na aliyechelewa. Mwamuzi angetupa kitambaa chake cha njano, akashika kipaza sauti mbele ya umati, akatangaza kwamba timu hii imechelewesha mchezo, na umati wote ungekuwa umejionea kwamba imewahi. Neno likilazimishwa kubeba kinyume chake namna hii, yafaa kuuliza aliyelibebesha alikuwa anakwepa neno gani.

Mchezo huu, kama inavyojulikana, huenda kwa vipande: shambulizi, kisimamo, shambulizi. Katika kisimamo washambuliaji 11 hujikusanya duara kupokea maelekezo, na walinzi huutumia mwanya huohuo kuingiza miguu mipya. Duara lenyewe mchezo haukuzaliwa nalo. Husimuliwa kwamba lilianzishwa miaka ya 1890 na wanafunzi viziwi wa Gallaudet, jijini Washington, waliotaka ishara zao za mikono zisisomwe na wapinzani. Karne moja na ushei baadaye Oregon ya kocha Chip Kelly ikalitupa duara na kurudia ishara, safari hii kwa mabango makubwa ya picha yanayoinuliwa pembeni mwa uwanja. Gus Malzahn, aliyeanza kama kocha wa shule za sekondari Arkansas, alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya mtindo huo mwaka 2003. Mpira ukishawekwa chini, walinzi wakiwa bado wanahema, shambulizi jingine limeshaanza.

Sauti nzito kuliko zote dhidi ya kasi hiyo ilikuwa ya Nick Saban wa Alabama, kocha asiyependa kubahatisha jambo. Mwaka 2012 alikuwa amekwishauliza hadharani kama kweli hivi ndivyo tunavyotaka futiboli iwe. Kamati ilipokutana, yeye na Bret Bielema wa Arkansas walipewa nafasi ya kuzungumza, ingawa hawakuwa na kura. Alipoambiwa hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba kasi inaumiza wachezaji, alijibu kwa mfano wa sigara: je, anayevuta moja ana hatari sawa ya saratani na anayevuta 20? Utafiti alikubali hana. Alichokuwa nacho ni mantiki. Malzahn, ambaye Auburn yake ilikuwa imeifunga Alabama 34 kwa 28 miezi michache tu nyuma, alishikilia kwamba ushahidi ni sifuri na yote ni maoni ya watu. Steve Spurrier wa South Carolina akalibatiza pendekezo hilo Sheria ya Saban, watu wakacheka, na mwanzoni mwa Machi likaondolewa. Kicheko hicho hakikuijibu hoja ya sigara. Kijana anayegongana na wenzake mara 80 kwa mchezo hawezi kulinganishwa na anayegongana mara 60, na kumtaka mtu alete takwimu kwanza ndipo akubaliwe jambo la wazi kama hilo ni kumwonea.

Tatizo ni kwamba sigara huhesabiwa kwa idadi. Anayezivuta 20 kwa pupa na anayezivuta 20 taratibu wote wamevuta 20. Kama hofu ilikuwa migongano, dawa ilikuwa kupunguza mashambulizi, na sekunde 10 za kumkinga mlinzi hazikulenga hapo. Zaidi ya hayo, pendekezo liliziacha huru dakika 2 za mwisho, wakati ambao miili imechoka kuliko wakati mwingine wowote. Usalama gani huo unaokwenda likizo mgonjwa anapozidiwa? Jibu pengine liko kwenye kalenda: mwaka ule mabadiliko yaliyoruhusiwa kupita yalikuwa ya usalama tu, kwa hiyo aliyekuwa na malalamiko ya haki ilibidi ayavishe koti la daktari.

Tuyavue koti basi. Malalamiko ya haki yanasema kwamba mlinzi mwenye kilo 140 amenaswa uwanjani, hawezi kutoka, na mpinzani ndiye anayejua mpira utaanza lini. Ni kweli amenaswa. Lakini kanuni iliyopo inasema washambuliaji wakibadilisha mtu, waamuzi wauzuie mpira hadi walinzi nao wapate nafasi ya kubadilisha. Anayetaka kasi anailipia kwa kubaki na watu walewale, na mbele ya mlinzi yule wa kilo 140 amesimama mshambuliaji wa uzito huohuo, anayehema vilevile. Anayepoteza hasa ni kocha mwenye benchi refu la vipaji, na mwaka 2014 benchi la Alabama lilikuwa na wapinzani wachache. Hoja yenye uzito zaidi inawahusu waamuzi, ambao nao wanatakiwa kukimbia, kuuweka mpira na kuona kila kosa kwa mwendo huo. Hilo linatibika kwa kuongeza mwamuzi, na ndivyo ilivyofanyika.

Historia nayo ina utani wake. Januari 1989 ofisi ya ligi ya kulipwa ilimwonya kocha wa Cincinnati, Sam Wyche, saa chache kabla ya mechi na Buffalo, asitumie mtindo wa kucheza bila duara. Buffalo ya Marv Levy ililala 21 kwa 10, kisha ikauchukua mtindo uleule na kwenda nao fainali kuu nne mfululizo (ikapoteza zote, ila hiyo ni huzuni nyingine). Saban naye alimwajiri Lane Kiffin kusimamia mashambulizi mwezi mmoja kabla ya pendekezo lile, na msimu huohuo Alabama ikaanza kukimbia.

Mwaka 2023 saa ya mchezo vyuoni iliachwa iendelee kutembea mahali ilipokuwa ikisimama, na mashambulizi yakapungua bila kelele. Mwaka uliofuata mtoano ukapanuliwa hadi timu 12, mechi zikaongezeka. Sigara chache kwa siku, siku nyingi zaidi. Walinzi nao walishajipatia dawa yao, ileile ya kipa anayelala chini timu yake ikiongoza: kuanguka na kushika paja. Tangu 2025, anayeonekana kuumia mpira ukiwa umeshawekwa tayari anaigharimu timu yake pumziko moja kati ya yale inayoruhusiwa kuomba, na kama hakuna lililobaki, yadi 5 kwa kuchelewesha mchezo. Safari hii jina limeendana na kosa. Ila yule ambaye paja lake limechanika kweli, dakika za mwisho, mapumziko yameisha na mpira umeshawekwa chini, atafanya nini?