Waridi la Njano Kwenye Mchanga wa Mtwara

Anayetamani mawaridi nyumbani kwake Mtwara huambiwa mapema kwamba hilo ni ua la watu wa baridi. Atatajiwa Lushoto na Arusha, na ataonywa kwamba joto la pwani litamkaushia miche yake kabla haijashika. Ushauri huo haukutoka hewani. Mashamba yanayouza mawaridi Ulaya yako nyanda za juu kaskazini mwa nchi, na yale ya Kenya yamelizunguka Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Lakini mashamba hayo yanatafuta bua refu na ua kubwa la kufunga shada, na vitu hivyo viwili kweli vinahitaji usiku wa baridi. Mwenye nyumba anayetaka kichaka kifupi cha kufika kiunoni, chenye maua ya njano mara kadhaa kwa mwaka na kisichomtaka ashinde nacho kutwa, hafanyi biashara hiyo. Kwake yeye hesabu ni nyingine kabisa, na ukiifanya vizuri utaona kwamba pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, inalifaa waridi la njano kuliko milima mingi yenye ukungu.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye rangi. Bustani za Ulaya ziliishi kwa muda mrefu na mawaridi mekundu, meupe na ya waridi, lakini unjano uliokolea ulikuwa adimu. Mwaka 1824 kulifika Uingereza waridi la njano hafifu kutoka China. Njano kali, ile ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, ilipatikana baadaye kutoka kwa waridi la Uajemi, ambalo wataalamu huliita Rosa foetida kwa sababu ya harufu yake isiyopendeza. Joseph Pernet-Ducher, mzalishaji wa maua wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, alilichanganya na mawaridi ya bustani, na mwaka 1900 akatoa aina aliyoiita Soleil d'Or. Mawaridi mengi yenye njano kali yaliyofuata yana damu hiyo. Pamoja na rangi yakarithi udhaifu: waridi la Uajemi lilizoea nchi kavu, majani yake hayakuwahi kupigana na ukungu wa nchi za mvua, na watoto wake wakawa wepesi kushikwa na ugonjwa wa doa jeusi. Ndiyo maana wakulima wa Ulaya kwa miaka mingi waliliona waridi la njano kuwa zuri lakini la kazi nyingi.

Doa jeusi linaanza kama kitone cheusi chenye ukingo uliochanika-chanika, kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Jani linageuka manjano pembeni ya kitone, linadondoka, na mwaridi ulioshikwa vibaya hubaki vijiti vitupu. Vimelea vyake haviwezi kupenya jani kavu. Vinahitaji jani likae na maji kwa saa saba hivi mfululizo, na vinapenda hali ya ubaridi wa wastani kuliko joto la kupita nyuzi 30. Sasa tazama mwaka wa Mtwara. Tanga na Dar es Salaam wana vuli na masika, lakini huku mvua ni msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo jani la mwaridi halipati mvua ya maana kwa miezi mitano au sita. Kipindi hicho Mtwara inakuwa karibu na Uajemi kuliko inavyokuwa karibu na Lushoto. Waridi la njano linarudi, kwa namna fulani, kwenye ukavu wa mababu zake.

Mtu anayeijua pwani atauliza: na umande je? Swali ni la haki, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai nyasi za Mtwara hulowana chepechepe bila tone la mvua. Jibu liko mahali pa kupanda. Katika latitudo ya kusini jua la kipupwe liko upande wa kaskazini, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki, ukibeba chumvi ya bahari. Upande wa kaskazini mashariki wa nyumba, au wa ukuta, unapokea jua mara tu linapochomoza, umande ukakauka mapema, na ukuta huohuo unaupunguzia mwaridi makali ya kusi. Mchana, jua linapozunguka, ukuta unautupia kivuli kidogo, jambo linalosaidia pia rangi, kwa kuwa mawaridi mengi ya njano hupauka kuwa rangi ya maziwa yakipigwa na jua kali siku nzima. Uamuzi huo unafanywa mara moja tu, siku ya kuchimba shimo, na unaokoa kazi ya miaka. Kupanda chini ya mwembe, kwa kudhani kwamba kivuli ni hisani, ndilo kosa kubwa kuliko yote: jua halifiki, jani halikauki, na mizizi ya mwembe inakunywa kila debe unalomwaga.

Jambo la pili linaloamuliwa mara moja ni mche. Watu wengi huchomeka ardhini bua la shada la harusi, likachipua, wakafurahi, kisha mvua zikalimaliza. Waridi la shada limezalishwa kuishi chini ya paa la plastiki, mahali mvua haigusi jani, na kulilaumu kwa kushindwa nje ni kulionea. Wazalishaji wa kisasa wameona tatizo hilo. Nchini Ujerumani kuna majaribio yajulikanayo kwa kifupi kama ADR, ambamo aina mpya hukaa miaka mitatu katika bustani mbalimbali bila kupuliziwa dawa yoyote, na zinazobaki na majani ndizo zinazopewa alama. Marekani, William Radler alitumia njia ya kufanana na hiyo, akiyaweka mawaridi yake kwenye ugonjwa makusudi, na mwaka 2000 kichaka chake kiitwacho Knock Out kikaingia sokoni. Baadaye zikaja na aina za njano. Majina hayo huenda usiyakute kwenye kitalu cha kando ya barabara Mtwara, ambako miche mingi huuzwa bila jina. Lakini kanuni yao inakufaa: usiulize jina, uliza jani. Nenda kwenye kitalu au kwa jirani mwezi Machi, mvua ikiwa imekwishapiga miezi mitatu, na tazama ni mwaridi gani bado umevaa majani mpaka chini. Chukua kipande cha shina la unene wa penseli kutoka kwenye huo.

Udongo ndio unaostahili jasho. Mchanga wa pwani hii haushiki maji wala mbolea, na karibu na ufuko kuna mawe ya matumbawe yenye chokaa nyingi, ambayo huzuia mwaridi kupata madini ya chuma hadi majani machanga yakawa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Isitoshe, mchanga wa joto ni makao ya minyoo fundo, inayovimbisha mizizi. Historia ya mji wenyewe ina onyo. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, na miongoni mwa yaliyouua ni kufyeka maelfu ya ekari kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua. Kwa mwaridi mmoja, chimba shimo la upana na kina cha sentimita 60. Tandika chini makumbi ya nazi yaliyokwisha kunyeshewa na mvua, kwa maana yaliyolowekwa baharini yana chumvi. Changanya mchanga uliotoa na samadi ya mbuzi iliyooza hadi isinuke, nusu kwa nusu, jaza, na acha shimo litulie wiki mbili. Ukishapanda, funika juu kwa majani makavu ya mkorosho, kiasi cha unene wa kiganja, bila kugusa shina. Majani hayo ni magumu, huoza polepole, na yanapooza yanalisha udongo, na katika udongo wa namna hiyo minyoo fundo haistawi sana. Maganda ya korosho yaache kiwandani. Mafuta yake huunguza ngozi.

Pingamizi zito kuliko yote ni maji. Katika uwanda wa Makonde mama anaweza kutembea mwendo mrefu kwa ndoo moja, na kumwambia amwagie ua ni kumkosea adabu. Nakubali bila kusita kwamba bustani ya mawaridi 20 haina nafasi hapo. Ninachokitetea ni kichaka kimoja, au vitatu, vyenye matandazo mazito. Kichaka kimoja kilichokomaa, kwenye shimo kama hilo, kinaweza kupita kiangazi kwa debe la lita 20 kwa wiki, likigawanywa mara mbili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanahesabika humo. Njia nzuri zaidi ni mtungi wa udongo usiopakwa rangi, unaozikwa karibu na shina hadi shingoni, ukajazwa na kufunikwa kwa kifuu: maji yanatoka polepole kupitia ngozi ya mtungi, mizizi inayafuata, na jani halilowani. Kisima chenye maji ya chumvi kisitumike. Mwaridi hauvumilii chumvi, na kwa nyumba zilizo mchangani kabisa, kama zile za ufuko wa Msimbati, ningeshauri alamanda kwa wanaotaka njano, wakikumbuka kwamba utomvu wake ni sumu kwa watoto.

Kuhusu dawa, watu wa Mtwara wana elimu ambayo wakulima wa maua wa kwingine huinunua kwa kozi. Ubwiriunga ulioanza kuripotiwa kwenye mikorosho ya Tanzania mwaka 1979 una ndugu yake kwenye mawaridi: unga mweupe juu ya majani machanga, ukitokea miezi ileile ya kipupwe. Salfa inayoponya korosho inaponya na waridi, kwa sharti lilelile la alfajiri. Ikipigwa mchana wa joto la nyuzi zaidi ya 30 huunguza majani. Kichaka kilichochaguliwa kwa jani lake la Machi hakitaihitaji kila mwaka.

Imebaki harufu. Pwani inalijua waridi kwa pua kabla ya macho. Limo kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, na limo kwenye marashi yanayonyunyizwa harusini kwa mrashi. Anayetafuta hilo atakosea akinunua njano bila kuinusa, kwa sababu vichaka vingi vya rangi hiyo vina harufu hafifu. Zipo aina zinazonukia vizuri, kama Julia Child ya mzalishaji Tom Carruth, fupi na ya rangi ya siagi, lakini njia ya uhakika ni kuinamia ua asubuhi kabla ya kulipa.

Kazi moja tu ndiyo haikwepeki, nayo ni ya mwezi Mei. Mvua zikikata, punguza kichaka theluthi moja, okota kila jani lenye madoa lililoanguka, lichome au lifukie mbali. Machipukizi yanayofuata yatakua yakiwa hayajaonja mvua, mekundu kwanza, kisha kijani cha kung'aa. Wiki sita hadi nane baadaye, kusi likiwa bado linavuma na maua ya mikorosho yakianza kutoka, matumba ya njano yatafunguka.