Mbwa Mgeni na Mipaka ya Nyumba: Misingi ya Kumfunza Utii na Adabu

Methali isemayo "ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini" hutumiwa kuwaonya watu wasizoeane kupita kiasi na asiyejua mipaka, lakini ikitazamwa upande wa pili hueleza pia ukweli kuhusu mbwa mwenyewe, yaani kwamba mnyama huyu hufuata kile alichozoeshwa, na asiyemwonyesha mapema mlango wa kuingia na mlango wa kusimamia hana sababu ya kumlaumu anapoupita. Kumfunza mbwa, kwa hiyo, ni kazi ya kumchorea mipaka kwa lugha anayoweza kuielewa. Mafunzo hayo yana sehemu mbili: utii, ambao ni kuitikia neno alilofundishwa, kwa mfano kuja anapoitwa, na adabu, ambayo ni mwenendo anaokuwa nao hata pasipo kuamrishwa, kwa mfano kutomrukia mgeni anayeingia langoni.

Kazi hiyo huwa na uzito wa pekee pale mbwa anapofika akiwa amekwisha kukua. Katika Afrika Mashariki mbwa wa namna hiyo hutoka kwa jirani anayehama, humfuata mtoto wa nyumba kutoka barabarani hadi akazoeleka, au huchukuliwa kwenye makao ya wanyama waliotupwa, kama yale ya chama cha KSPCA kilichoko Karen, Nairobi. Wengi huamini kuwa mbwa wa aina hii hafunziki tena, wakishikilia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Mwaka 1965 wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John L. Fuller walichapisha kitabu kuhusu utafiti wao wa miaka mingi uliofanyika Bar Harbor, katika jimbo la Maine, wakaonyesha kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa huwa katika kipindi ambacho hujifunza kwa wepesi mkubwa kuwazoea watu, na aliyekosa kuonana na binadamu katika wiki hizo huwa mwoga baadaye. Hata hivyo, kipindi hicho kinahusu hofu na mazoea, wala hakifungi mlango wa elimu, kwa kuwa uwezo wa kujifunza maneno na taratibu mpya hudumu hadi uzeeni; mbwa mzima huhitaji tu subira zaidi, kwa sababu kabla ya kujifunza jipya huwa na la zamani la kusahau.

Siku za kwanza

Desturi ya kumpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe inafaa pia kwa mbwa. Anapofika huwa amepoteza harufu, sauti na nyuso zote alizozijua, na mnyama aliyejaa hofu hawezi kushika somo. Hupaswa kupewa pembe tulivu ya kulala, maji safi, na chakula katika saa zilezile kila siku, huku watoto wakizuiwa wasimkumbatie wala kumzunguka. Kwa kuwa katika siku hizo hana bado sababu ya kurudi mahali asipopajua, atolewe nje akiwa amefungwa kamba hadi nyumba iwe yake moyoni.

Somo la kwanza ni la haja. Mbwa hupelekwa mahali pamoja uani mara tu anapoamka, baada ya kula na kabla ya kulala, kisha hutuzwa papo hapo anapomaliza. Akijisaidia ndani, sakafu husafishwa vizuri hadi harufu iishe, bila kumsukumia pua kwenye uchafu kama wafanyavyo baadhi ya watu, kwa sababu adhabu hiyo haimfundishi mahali panapofaa bali humfundisha kujificha anapobanwa na haja.

Namna mbwa anavyojifunza

Elimu ya ufunzaji wa wanyama inasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ilibainishwa na Mrusi Ivan Pavlov, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904, aliyeona kuwa mbwa hutokwa na mate kwa ishara tu inayotangulia chakula, pale ishara na chakula vinapoandamana mara nyingi. Ya pili ni ya Mmarekani Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alichapisha majaribio ya paka waliofungiwa kwenye masanduku, akaonyesha kuwa tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa na lisiloleta faida hufifia. Tendo likifuatwa na jambo ambalo mnyama analipenda, hata akazidi kulifanya, wataalamu husema limepata uimarishaji.

Siri ya uimarishaji ni wakati. Tuzo inapaswa kufika ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo, la sivyo mbwa huihusisha na jambo jingine alilolifanya baadaye. Kwa sababu hiyohiyo, kumchapa mbwa jioni kwa kiatu alichokitafuna asubuhi ni kumwadhibu kwa kosa la kumlaki bwana wake mlangoni, na yale macho ya chini ambayo wengi huyaita majuto ni woga wa uso uliokunjamana ulio mbele yake. Mbwa anayepigwa huweza kutulia mbele ya fimbo, lakini hujifunza pia kwamba mkono wa binadamu ni wa kuogopwa, na mwoga aliyebanwa kwenye kona ndiye mng'ataji wa kesho.

Wako wanaotetea ukali kwa hoja kwamba mbwa hutafuta utawala na lazima avunjwe. Nadharia hiyo ilipata nguvu kutokana na maandishi ya Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja bila udugu. David Mech, mtafiti aliyewachunguza wanyama hao wakiwa huru, alieleza mwaka 1999 kuwa kundi lao porini kwa kawaida ni familia ya wazazi na watoto, na uongozi wake ni wa malezi kuliko wa mapigano. Mbwa anayevuta kamba au kupanda kiti, basi, hapiganii ufalme, bali anarudia jambo lililowahi kumfaa.

Maneno machache yasiyobadilika

Mbwa hajui sarufi. Anachoshika ni sauti na mwendo wa mwili. Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa sababu neno "kaa" laweza kuwa na maana ya kuketi na pia ya kubaki mahali, na mama akilitumia kwa maana moja na mtoto kwa nyingine, mbwa hubaki njia panda. Ni bora nyumba nzima ikubaliane kwamba "keti" ni kuweka matako chini, "subiri" ni kutoondoka mahali, "njoo" ni kuja, na "acha" ni kuondoa mdomo kwenye kitu. Jina la mbwa nalo lisitumiwe kumkaripia, ili likitajwa ageuke kwa furaha.

Kufundisha "keti" huanza kwa kushika kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya mahindi, na kukipitisha taratibu kutoka puani kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kinapoinuka, matako hushuka, na hapo tuzo hutolewa. Neno huongezwa baada ya mwendo kueleweka, kisha mkono huendelea kutumika bila chakula hadi neno litoshe peke yake. Vipindi vya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, hufaa kuliko saa nzima ya kuchoshana, na chakula cha tuzo hupunguzwa kutoka katika mlo wa siku.

Neno la thamani kuliko yote ni "njoo", kwa kuwa ndilo linalomrudisha mbwa kutoka barabarani. Hufundishwa kwanza ndani, kisha uani, kisha mahali penye kelele, na halitumiwi kamwe kumwita mbwa ili aadhibiwe. Heshima ya mafunzo haya ni ya kale. Kurani, katika sura ya Al-Maida, inahalalisha mawindo ya mnyama aliyefundishwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, wameweka masharti ya mbwa kuhesabiwa kuwa amefunzwa, miongoni mwake aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, na asile alichokamata. Masharti hayo ni msingi uleule wa utii unaofundishwa leo.

Adabu mbele za watu

Kuruka ni salamu ya mbwa, na anayemsukuma huku akipiga kelele humpa kile hasa alichokitaka, yaani kushughulikiwa. Dawa yake ni kumgeuzia mgongo kimya, na kumsalimu pale tu miguu yote minne inapokuwa chini. Mbwa huweza kuzidisha fujo kwa siku chache kabla ya kuacha, na anayekubali kushindwa katika siku hizo humfundisha kuwa kung'ang'ania kunalipa. Jambo hili lina uzito mahali ambapo jirani ni Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, kwa kuwa mate ya mbwa kwake ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayeketi mgeni anapopita analinda ujirani.

Kunguruma nako kusiadhibiwe. Ni onyo kabla ya meno, na mbwa aliyekatazwa kuonya huuma bila kuonya. Watoto wafundishwe kumwacha anapokula au kulala, na chanjo ya kichaa cha mbwa ihesabiwe kuwa sehemu ya malezi, kwani kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Aliyeng'atwa huosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali bila kuchelewa.

Katika yote haya mwanafunzi wa kwanza ni nyumba yenyewe. Baba akimzuia mbwa sebuleni asubuhi na mtoto akamwingiza jioni, mbwa atakuwa amejifunza kwamba mlango huo hauna mpaka, na atauvuka siku ambayo haufai kuvukwa. Wenye nyumba wakishika neno moja na kulilipa kila linapotiiwa, hata yule aliyeokotwa njiani atajua pa kusimama, naye atasubiri nje ya mlango kwa utulivu, akiamini kuwa wanaoingia watamrudia.