Kisiwa cha Mvita: Ziara ya Mombasa kwa Sikio la Lugha

Utangulizi

Mombasa ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na bara karibu pande zote. Mgeni atokaye Nairobi huingilia Makupa. Atokaye Kilifi huvuka daraja la Nyali. Naye atokaye Kwale aghalabu huvuka kwa feri ya Likoni. Wageni wengi wanaozuru kisiwa hiki, wakiwemo wanafunzi wa Kiswahili, hufuata mkondo mmoja: hutazama ngome, hupiga picha chini ya pembe za ndovu za barabara ya Moi, hununua viungo na vinyago, kisha hurejea makwao. Makala haya yanaeleza kwamba ziara ya aina hiyo ni nusu ya ziara. Historia ya Mombasa imehifadhiwa katika mawe, na pia katika majina ya mitaa na matamshi ya wenyeji. Hazina hii ya pili haina tikiti wala mlinzi.

Ngome na Neno Gereza

Ujenzi wa Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, ulianzishwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira ngome hiyo mnamo Machi 1696, na hawakuitia mkononi hadi Desemba 1698, baada ya miezi 33. Waingereza waliifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Hatimaye iligeuzwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwanafunzi wa lugha ana jambo jingine la kuchunguza humo. Neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Katika Kiswahili lilipata kumaanisha ngome, na baadaye mahali pa kufungia watu. Maana zote tatu zimo ndani ya kuta hizi: kanisa ambalo mabaki yake yangalipo, ngome yenyewe, na jela ya wakoloni. Wareno waliondoka, lakini leso, meza, bendera na karata zilibaki majumbani mwa Waswahili.

Ndia Kuu

Karibu na ngome huanza Mji wa Kale, na mojawapo ya mitaa yake mikongwe ni Ndia Kuu. Mgeni anaweza kudhani kwamba aliyeandika kibao amekosea. Hajakosea. Katika Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, njia ni ndia. Kadhalika nchi ni nti, macho ni mato, mchele ni mtele, na kuchukua ni kutukua. Sauti ambayo Kiunguja huitamka kwa nj au ch, Kimvita mara nyingi huitamka kwa nd au t. Kwa hiyo kibao kimoja cha mtaa chaweza kuwa somo zima la fonolojia ya lahaja.

Nyumba za mtaa huo na za jirani zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Milango ina nakshi, na roshani za mbao zinaonyesha athari za Bara Hindi. Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana kujengwa mwaka 1570, ungali ukiswaliwa. Mbele ya nyumba nyingi mna baraza, na hapo ndipo penye darasa lenyewe. Mgeni anayeketi kwa adabu na kunywa kahawa chungu pamoja na wazee atasikia paa la nyumba likitamkwa bila pumzi, na paa wa mwituni akitamkwa kwa pumzi. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayana alama ya kuonyesha tofauti hiyo. Sikio peke yake ndilo huitambua.

Marikiti na Kilindini

Pembezoni mwa Mji wa Kale, kwenye barabara ya Digo, pana soko lililopewa jina rasmi la Mackinnon. Wenyeji huliita Marikiti, neno la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili. Upande wa pili wa kisiwa ipo Kilindini, ambayo jina lake latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Jina hilo laeleza kwa nini meli kubwa huenda huko, ilhali bandari ya kale ilibaki ya majahazi. Aidha, Kilindini ni jina la watu. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, ambao pamoja na Tisa Taifa huunda mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa.

Mkutano wa 1928

Kimvita ndiyo lahaja ya Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, na ambaye wahakiki humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni. Hata hivyo, mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wamisionari wa CMS waliotetea Kimvita walishindwa. Uamuzi huo ulikuwa na hoja nzito, kwani Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa njia za misafara, na usanifishaji umerahisisha elimu na uchapishaji katika Afrika Mashariki. Lakini gharama yake ililipwa na watoto wa Mvita: anayeandika nti katika insha ya shule husahihishwa, ingawa ndivyo asemavyo bibi yake.

Washairi hawakukubali kunyamaza. Ahmad Nassir, mzaliwa wa Kuze katika Mji wa Kale, alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Ndugu yake, Abdilatif Abdalla, alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Akiwa gerezani alitunga, kwa Kimvita, mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973.

Hitimisho

Imebainika kwamba vivutio vya Mombasa havikomei kwenye vile vinavyoonekana kwa macho. Jiwe la ngome likimomonyoka, wapo wataalamu wa kulirekebisha. Neno la Kimvita likitoweka pamoja na mzee aliyelijua, hakuna fundi wa kulirudisha. Kwa hiyo, chama cha wanafunzi kinachopanga ziara ya kisiwani kingefaa kutenga walau siku moja ya mitaa na baraza: kuuliza asili ya majina, kusikiliza matamshi, kurekodi kwa idhini ya wenyewe, na kuziweka kumbukumbu hizo maktabani. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa amefika Mvita.