Ukungu na mabaki ya samaki: kweli au si kweli?

Mabaki ya sangara ni taka tupu. Si kweli, na hapa ndipo pa kuanzia. Sangara akishatolewa minofu kiwandani Mwanza, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, husafirishwa hadi China kwa bei inayozidi ya minofu. Vichwa na mifupa yenye nyama, yaani mapanki, au mgongo wazi kama wanavyoita Kisumu, hukaangwa na kuwa kitoweo cha wasiomudu minofu. Basi kinacholiwa na watu kiliwe na watu. Ukungu wa kuyageuza mabaki kuwa chakula cha mifugo au mchuzi upewe matumbo, damu na vipande visivyo na mnunuzi.

Ukungu wowote kwenye chakula ni sumu. Si kweli, ingawa hofu hii tumeilipia kwa maisha ya watu. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Hutengenezwa hasa na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Una ndugu wa karibu, Aspergillus oryzae, ambao Wajapani wameufuga kwa karne nyingi kutengenezea mchuzi wa soya, nao hautoi aflatoksini. Nafaka iliyooteshwa ukungu huo huitwa koji. Shida ni kwamba ndugu hawa wawili wakikomaa wote huwa na rangi ya kijani-njano, na jicho haliwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo mbegu ya ukungu itoke maabara inayoaminika. Asije mtu akakwangua ukungu wa mkate uliochina akautia kwenye matumbo ya samaki!

Ukungu huila protini mpaka ikaisha. Si kweli. Protini ni kama kamba ndefu ya shanga. Ukungu hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikaikata kamba hiyo vipande vifupi, hadi asidi amino mojamoja. Lishe bado imo, ndiyo maana mabaki hayo yanaweza kuwa chakula cha kuku au cha samaki wa kufugwa. Ila ukungu ukikosa wanga huichoma protini yenyewe kupata nguvu, na amonia itakupiga puani kama choo cha stendi. Dawa yake ni pumba za mchele au ngano, ambazo pia hupunguza maji. Fumbata mchanganyiko kiganjani: ushikamane, usichuruzike.

Ukungu humwokoa samaki aliyekwisha kuoza. Si kweli kabisa. Kwenye joto letu bakteria huongezeka maradufu haraka sana, na ukungu huhitaji kama siku mbili kutanda. Histamini, sumu ya samaki aliyeharibika, ikishajengeka haiondoki hata kwa kuchemsha. Mabaki yapikwe siku ileile, yakiwa mabichi.

Ukungu humaliza mifupa. Si kweli. Mifupa kwa sehemu kubwa ni madini: ichuje, ikaushe, isage.

Koji hufupisha kazi ya mchuzi wa samaki. Kweli. Vietnam, dagaa wa baharini na chumvi hukaa pipani karibu mwaka mzima, wakikatwa polepole na vimeng'enya vya matumbo yao wenyewe. Ukiongeza koji, miezi michache hutosha: juu kimiminika cha rangi ya chai ya rangi, chini mifupa mitupu.